Nataka kufungua chumba cha michezo laini kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, Kinyerezi. Ushauri wenu wakuu

MamaIbra

Wakuu habari za jioni.

Nina fremu mbili Kinyerezi, ukuta wa katikati umetobolewa zikawa chumba kimoja cha mita 6 kwa 9. Dari liko juu kama mita 2.9. Nilikuwa nauza nguo za watoto humo, biashara imepoa, na kodi nimeshalipa hadi mwakani. Wateja wangu wengi ni akina mama wenye watoto wadogo na kila siku kilio ni kimoja, huku kwetu hakuna pa kuwapeleka. Sehemu za michezo zipo mjini kwenye maduka makubwa, na ukifika huko wenye miaka 9 na 10 ndio wametawala. Mtoto wa mwaka na nusu anapigwa vikumbo mpaka unaishia kumbeba saa nzima uliyolipia.

Wazo langu ni chumba cha wadogo tu. Kila kitu laini, kelele ndogo, mzazi anakaa humo humo na mtoto wake.

Sasa kuna dalali wa mizigo ya China amenitumia picha za jengo la nyavu la ghorofa mbili, mitelezo mitatu, trampolini, na bwawa la mipira la mita 3 kwa 3 lenye kina cha sm 60. Anasema linaingia chumbani kwangu bila shida. Bei yake inafagia mtaji wote.

Nichukue huo mzigo au kuna njia nyingine? Na mtoto wa umri huu anahitaji nini hasa? Kiingilio nimefikiria 5,000 kwa saa.

Nawasilisha.

Kipanga Mweusi

Ngoja waje wajuzi. Nimekaa paleee na karanga zangu.

fundi_sponji

Dada MamaIbra, hiyo hela ishike kwanza, usitume kwa mtu.

Mimi ni fundi makochi, nipo Keko. Kazi za vyumba vya watoto nimefanya, za chekechea na za watu binafsi. Ngazi, kilima, daraja, nusu duara, pipa la kupita ndani, vyote hivyo ni sponji iliyokatwa ikavalishwa ngozi ya bandia. Hakuna uchawi humo. Ila kuna mahali mafundi wenzangu wanachemsha na wewe ndiye utakayeumia, kwa hiyo nakupa siri za kazi.

Sponji laini ya godoro usikubali kwa ngazi na vilima. Mtoto akikanyaga mguu unazama, kifundo kinapinda. Hapo panataka sponji ngumu. Chini, pale wanapoangukia, weka ile iliyosagwa ikagandishwa upya, yenye vipande vya rangi rangi, halafu juu yake tabaka jembamba la sponji ya kawaida. Kipimo changu ni goti: piga goti juu yake na uzito wako wote. Goti likigusa sakafu, hilo godoro halifai.

Mshono sasa. Watoto hawa wanakojoa, na mkojo unapita kwenye matundu ya sindano. Ukishaingia kwenye sponji hautoki, na baada ya muda chumba kizima kinanuka hata ukipiga deki mara ngapi. Dawa yake, sponji ivalishwe nailoni nzito kwanza, ndipo ngozi ije juu. Lakini nailoni ikiziba kila upande, mtoto akijirusha hewa haina pa kutokea, mshono unapasuka pwaa. Kwa hiyo fundi anaacha tundu la hewa upande wa chini, analifunika kwa kawavu kadogo. Zipu nayo ikae chini, na kile kishikio chake kikatwe kabisa maana kitaingia mdomoni mwa mtu.

Ngozi iwe ile nene ya PVC yenye kitambaa nyuma. Ile ya bei chee inabanduka magamba kama kochi la geto, na magamba yanaliwa.

Kontena Guangzhou

Fundi umesema vizuri lakini usimfungie dada yetu milango yote. Mipira huwezi kuishona wewe. Mitelezo ya plastiki, nyavu, vigari vya kusukuma, hivyo aagize au anunue Kariakoo.

Ninachoungana na wewe ni sponji. Meli inachaji kwa ujazo, na sponji ni hewa. Ukiagiza vilima na ngazi kutoka China unalipia kusafirisha upepo baharini, halafu unaulipia tena ushuru. Watu wanaiona bei ya kiwandani wanashangilia, mzigo ukifika bandarini wanalia.

Kuhusu mipira, kuna ya sm 5.5, sm 7 na sm 8. Kwa wadogo chukua ya 7 au 8. Na omba sampuli uikanyage kwa mguu wa mtu mzima. Ikibaki bapa, achana nayo, maana ikipasuka inatoa kingo kali.

Mzee wa Kimanga

Vijana mnachekesha. Sisi tulicheza udongo, tukapanda miembe, tukaogelea mitoni, na tuko hai. Leo mtoto wa Kinyerezi alipiwe 5,000 aende kutambaa kwenye sponji? Hiyo hela si mkate na maziwa? Mpeleke nje akacheze na wenzake, bure.

Baba Pacha

Shikamoo mzee wangu. Nje gani hiyo? Mimi nimepanga, nyumba sita uwanja mmoja, uwanja wenyewe umemwagwa zege na kuna pikipiki tatu, kisima na jiko la mkaa la mama muuza vitumbua. Mapacha wangu wana miezi 14. Masika ikianza tunakaa ndani wiki nzima, wao na TV.

Mzee wa Kimanga

Marahaba. Basi hapo kwa mvua na bodaboda nimekuelewa. Lakini siku za jua watoke.

nesi_wa_zamu

Mzee hajakosea kuhusu kutoka. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kuanzia mwaka 1 hadi miaka 4, mtoto anatakiwa kujishughulisha angalau dakika 180 kwa siku, na kwa wale wa miaka 3 na 4, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kutoa jasho. Mchanga ambaye bado hajatambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, jumla ya nusu saa kwa siku. TV na simu kwa wa chini ya miaka miwili hazipendekezwi kabisa. Saa moja kwenye chumba cha MamaIbra haimalizi hesabu hiyo, lakini inamtoa mtoto kwenye katuni.

Sasa dada yangu, tuongee kuhusu hilo bwawa. Mita 3 kwa 3 kwa sm 60 ni mita za ujazo 5.4. Mipira ya sm 7 inaingia kama 3,300 kwa kila mita moja ya ujazo. Umepata karibu mipira 18,000. Nani anaiosha?

Mwaka 2019 jarida la American Journal of Infection Control lilichapisha utafiti uliofanywa jimbo la Georgia, Marekani. Walipima mabwawa sita ya mipira, na hayo yalikuwa ya kliniki za mazoezi ya viungo, sio ya barabarani. Walikuta aina 31 za bakteria na aina moja ya fangasi. Wapo wasio na madhara kwa mtu mwenye afya, wapo wa kuogopa. Kinyesi, matapishi, kamasi, makombo ya biskuti, vyote vinashuka chini na hakuna anayeviona.

Ushauri wangu ni bwawa dogo, mita 2 kwa 2, mipira ifike sm 30. Hiyo ni mipira kama 4,000, inaoshwa na watu wawili asubuhi moja. Kina cha sm 60 kwa mtoto wa mwaka mmoja ni shingoni. Akikaa hapo, haonekani, na mwenzake akijirusha anamtua kichwani.

MamaIbra

Jamani 18,000! Dalali hakusema hilo. Nesi, kuosha kunakwendaje? Mipira inaelea, nimeshawahi kujaribu na ya Ibra nyumbani kwenye beseni, ni vita.

nesi_wa_zamu

Nunua mifuko ya nyavu ya vitunguu pale sokoni. Jaza mipira, funga mdomo, zamisha kwenye pipa la maji ya sabuni, tikisa. Suuza. Halafu zamisha kwenye pipa la pili lenye maji ya JIK, weka tofali juu ili isiinuke, iache dakika 10. Suuza tena, anika juani kwenye mkeka safi. Kabla hujairudisha, futa sakafu ya bwawa.

Vipimo vya JIK ya asilimia 3.5: kwa usafi wa kawaida, kikombe kimoja kwa vikombe 34 vya maji. Kwa mahali palipoangukia kinyesi, matapishi au damu, kikombe kimoja kwa vikombe 6, kama tunavyofanya wodini. Toa uchafu kwanza kwa sabuni maana JIK haifanyi kazi juu ya uchafu. Changanya mpya kila siku, usiichanganye na dawa nyingine ya choo kwa sababu inatoa gesi ya hatari, na fanya kazi hiyo watoto wakiwa hawapo. Kwenye ngozi ya sponji, futa kwa JIK hafifu kisha pitisha kitambaa cha maji matupu, la sivyo itakakamaa.

Vitakasa mikono vya spiriti viwepo mlangoni, sawa, lakini visikuleweshe akili. Virusi vya kuharisha na vile vya ugonjwa wa mkono, mguu na mdomo vinastahimili spiriti kuliko virusi vya mafua. Weka sinki la chini na sabuni ya kipande au ya maji. Kila mtoto ananawa akiingia na akitoka.

Kipanga Mweusi

Karanga zimeisha, nimeenda kununua nyingine. Uzi mtamu huu.

Mwl. wa Awali

Nimefundisha darasa la awali muda mrefu, ngoja niseme upande wangu, maana naona tunajenga chumba bila kumwona mtoto.

Kosa la dalali, na la wengi wanaofungua sehemu hizi, ni kumwona mtoto wa miaka miwili kuwa ni mtoto wa miaka minane aliyepunguzwa urefu. Sio. Wa miaka minane anataka urefu, kasi na ushindani. Wa miaka miwili anataka kupanda kangazi ka sm 12, ashuke, apande tena, ashuke, mara arobaini, na kila mara anakugeukia uone. Ghorofa mbili za nyavu hazimsaidii kitu. Akifika juu anaogopa, analia, na mama mwenye dera na mtandio itabidi atambae kwenye nyavu kumfuata.

Mtoto hujifunza kupanda kabla ya kushuka. Wanaotambaa wanapanda ngazi kwa magoti vizuri kabisa, kisha wanageuka na kutaka kushuka kwa kichwa. Kwa hiyo kila kilichopandika kiwe na upande wa mteremko mpole anaoweza kushuka kwa kurudi nyuma au hata kwa kubiringika. Mimi ningesema kitu kirefu kuliko vyote humo ndani kisizidi sm 60, yaani chini ya kiuno cha mama.

Jambo la pili ni la mgawanyo. Hata ndani ya "wadogo" kuna makundi. Wa miezi 8 anayetambaa na wa miaka minne anayekimbia hawakai zulia moja. Tenga kona ya wachanga kwa ukuta wa sponji wa sm 40, wenye upana wa mtu mzima kukaa juu yake. Mama anakaa juu ya ukuta, miguu ndani, na ukuta unafanya kazi mbili. Humo weka kioo kisichovunjika kilichofungwa ukutani chini kabisa, vitambaa vya kugusa vyenye mikwaruzo tofauti (kitenge, gunia laini, manyoya ya bandia), na mto wa kulalia kifudifudi. Basi.

La tatu, nunua vitu viwili viwili vya aina moja. Mildred Parten aliandika mwaka 1932 jinsi watoto wadogo wanavyocheza sambamba: wamekaa pamoja, kila mmoja na chake, wanaangaliana kwa pembe ya jicho. Kushirikiana kunakuja baadaye. Kigari kimoja chekundu kati ya watoto sita wa miaka miwili ni ugomvi mpaka jioni. Vigari vitatu vyekundu ni amani. Usinunue chekundu, cha bluu na cha njano, watagombea chekundu.

Na idadi. Kwa mita 54 za mraba, ukitoa mapokezi, viatu na choo, mimi nisingeingiza zaidi ya watoto 15 kwa mkupuo, kila mmoja na mtu mzima wake.

Kontena Guangzhou

Mwalimu hapo kwa watoto 15 biashara inakufa. 15 mara 5,000 ni 75,000 kwa saa, na hiyo ni pakiwa pamejaa. Jumanne asubuhi atapata watatu.

Mwl. wa Awali

Jumanne asubuhi akipata watatu, chumba cha watu 40 kitamsaidiaje? Tofauti inakuja Jumamosi tu, na Jumamosi ndiyo siku ya kuumizana. Auze kadi za mwezi kwa mama wa jirani, asubuhi za katikati ya wiki zijae. Wanaokaa na watoto nyumbani Kinyerezi ni wengi kuliko wanaotoka Jumamosi.

Leicester Mbali

Nawasalimu kutoka Uingereza. Huku vyumba hivi viko kila mtaa, na hata kumbi za makanisa zinatandika magodoro asubuhi moja kwa wiki, mama wanachangia kidogo na kunywa chai. Nilipojifungua wa kwanza, baridi ya Januari na sina ndugu hapa, ndizo zilizoniokoa.

Vitu nilivyoviona kwenye kumbi nzuri: sehemu ya wadogo ina geti lake, na geti linajifunga lenyewe. Komeo liko juu upande wa nje. Kwenye bawaba za milango wanaweka kifuniko kirefu cha mpira ili vidole visibanwe. Viatu vinavuliwa, soksi za lazima, zenye vidoti vya mpira chini. Hakuna mkufu, bangili, wala kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni. Kwetu ningeongeza pini za mtandio, zikidondoka humo hazionekani.

Vipimo vya Ulaya vya vifaa vya michezo, EN 1176, sehemu ya 10 inahusu majengo haya ya ndani. Nakupa namba mbili za kumpa fundi. Uwazi wowote kati ya mm 89 na mm 230 ni hatari: mwili wa mtoto unapita, kichwa kinabaki. Na matundu ya mm 8 hadi 25 ni mtego wa vidole. Kwa hiyo wavu uwe wa matundu madogo, na kati ya sponji na sponji zibanwe kwa velkro zisiachane.

Halafu historia kidogo kwa wapenda historia. Mbunifu anayetajwa kuwa baba wa michezo hii ni Eric McMillan, Mwingereza aliyehamia Kanada. Alitengeneza Children's Village pale Ontario Place, Toronto, mwaka 1972, na bwawa la mipira likaonekana SeaWorld ya San Diego mwaka 1976. Inasimuliwa wazo la bwawa lilimjia kwa kutazama chupa ya vitunguu vya siki jikoni.

Kipanga Mweusi

Vitunguu tena! Nesi na mifuko yake ya nyavu alijuaje 😂

Bint Mutrah

Huku Muscat kiangazi joto linapita 40, hakuna mtoto anayetoka nje mchana, kwa hiyo maisha yote yamehamia ndani ya maduka makubwa. Naomba niseme jambo moja tu. AC. Baridi inashuka chini, na watoto wako chini. Wewe uliyesimama unaona pazuri, mtoto sakafuni anatetemeka, soksi zimelowa jasho. Elekeza upepo darini na ushike sakafu kwa kiganja kabla hujawasha zaidi.

Baba Pacha

Na Tanesco wakifanya yao? Chumba kisicho na madirisha ya kufunguka, watoto 15, giza. Taa za dharura za betri ziwepo na madirisha yafunguke.

fundi_sponji

Umenikumbusha moto. Sponji ikishika moto haina mchezo, inawaka haraka na moshi wake ni sumu. Mama watakuja kukuomba wafanyie birthday humo. Keki iliwe mapokezi, mishumaa ya fataki isivuke mlango wa chumba cha sponji. Soketi ziwe juu. Jiko, pasi, birika, vyote nje. Na fremu zako zilikuwa mbili, maana yake una milango miwili. Usiuzibe wa pili kwa kabati.

Mtumishi Mstaafu

Kuhusu makaratasi. Kinyerezi iko Jiji la Dar es Salaam, leseni ya biashara utaipata halmashauri, TIN ile uliyonayo uihuishe iseme biashara mpya. OSHA wanasajili kila mahali pa kazi kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na Zimamoto watakuja kukagua. Waite mapema, kabla hujapanga sponji, watakwambia mitungi ikae wapi.

Mpaka ambao usiuvuke: mzazi au mlezi abaki humo ndani. Siku utakayokubali "nakuachia saa mbili nakwenda saluni", umeanza kuendesha kituo cha kulelea watoto mchana, na hicho kinasajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kina masharti yake na walezi wenye mafunzo. Watakuomba, tena marafiki zako ndio watakuwa wa kwanza.

Na picha. Usipige watoto wa watu picha za matangazo ukarusha mtandaoni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi.

Dada Ukonga

Nauliza. Mtoto wangu wa miezi 16 anaogopa kuteleza peke yake, huwa nampakata tunateleza wote. Hapo MamaIbra ataruhusu? Maana sehemu nyingine wanakataa na mimi naona ni ukoloni tu.

nesi_wa_zamu

Sio ukoloni dada. Tunawapokea hao. Mtoto akiwa mapajani, unyayo wake unanasa ukutani mwa mtelezo, uzito wako wewe unaendelea kushuka, mguu unajipinda, na mfupa wa muundi unavunjika. Akiteleza peke yake mguu ukinasa, anasimama tu, hana uzito wa kuvunja kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa walitoa hesabu za Marekani mwaka 2017: kati ya 2002 na 2015, watoto zaidi ya 350,000 wa chini ya miaka 6 waliumia kwenye mitelezo, na umri ulioongoza ni miezi 12 hadi 23. Wakautaja huo mpakato.

Kwa hiyo mtelezo uwe mfupi kiasi kwamba wewe umesimama pembeni unamshika kiuno mwanzo hadi mwisho. Asipotaka, hateremki. Kesho atataka.

Trampolini iondoe kabisa kwenye orodha. Madaktari wa mifupa wa Marekani hawaipendekezi kwa walio chini ya miaka 6, na ubaya mkubwa unatokea wakiruka wawili wenye uzito tofauti: mwepesi ndiye anayerushwa.

Dada Ukonga

Khaa! Na picha tulipiga nyingi hivyo. Asante nesi, nimeacha.

Sauti Ndogo

Mimi nina mtoto wa miaka minne mwenye usonji. Sehemu zote za michezo nilizoenda tunakaa kidogo tu, kisha anaziba masikio na kujilaza sakafuni, na watu wanatutazama kama nimeshindwa kulea. Kinachotuondoa ni muziki. Spika moja kubwa mlangoni, nyingine ndani, na vigae ukutani vinarudisha kila sauti.

MamaIbra, umesema "kelele ndogo" kwenye posti ya kwanza, tafadhali usije ukasahau ukianza. Usiweke spika. Dari kama ni jipsamu tupu na sakafu vigae, sauti za watoto 15 peke yake zinatosha kumchanganya mtu. Fundi anaweza kufunga vipande vya sponji vyenye kitambaa juu ukutani. Mapazia mazito yanasaidia. Taa zisiwe za kumetameta. Na pawe na kapango kadogo, hata hema la shuka kwenye kona, mtoto anaingia anatulia, akitoka anacheza tena. Wangu akipata pa kujificha anakaa muda mrefu kuliko wote.

Mwl. wa Awali

Nakazia hilo la hema. Na hata wasio na usonji watalitumia. Rangi pia: ukuta wenye katuni kumi na mbili na herufi zote na matunda yote ni kwa ajili ya macho ya mzazi anayepiga picha. Rangi mbili tatu zilizotulia zinatosha.

MamaIbra

Wakuu nimesoma kila posti, nyingine mara mbili. Dalali nimemwambia asubiri, amekasirika.

Nilivyopanga sasa: mlango wa kushoto mapokezi, rafu ya viatu, sinki la chini, viti vinne na chupa ya chai. Kona ya nyuma kulia wachanga, ukuta wa sponji wa kukalia. Katikati ngazi, kilima, daraja na mtelezo mmoja mfupi. Bwawa 2 kwa 2, mipira sm 30. Upande wa dirishani vigari vitatu vya rangi moja na matofali ya sponji ya kujengea. Hema nyuma. Spika hakuna. Watoto 15, saa ya mwisho kila siku ya usafi, na Jumatatu nimefunga kwa ajili ya mipira.

Fundi, nitakuja Keko na vipimo wiki ijayo. Ukuta wa bwawa uwe na urefu gani?

fundi_sponji

Sm 40, unene sm 30, ndani kangazi kamoja ka kuingilia na kutokea. Njoo asubuhi, mchana napeleka mizigo. Na uje na kipimo cha mlango wako, maana kuna mteja aliniagiza kilima kizuri, kikafika kikagoma kuingia ndani, tukakikata nusu barazani.

MamaIbra

😂 Sawa nitapima. Nesi, swali la mwisho. Mama akija na mtoto ana vipele mdomoni na viganjani, au anaharisha, na ameshalipa na hataki kuondoka, namfanyeje? Huku ni jirani zangu, tutaonana kanisani.

nesi_wa_zamu

Usipokee hela kabla hujamsalimia mtoto. Mshike mkono, angalia kiganja, angalia mdomo na joto, muulize mama kama jana alilala vizuri na choo kilikuwaje. Hapo ndipo utoe risiti. Mwenye kadi ya mwezi msogezee siku zake mbele, na umwambie asirudi mpaka zipite siku mbili mtoto akiwa hana choo cha maji.